Kijana Asiyekubali Kukataliwa: Riwaya za Mapenzi na Kisa cha Bariyrah



Ametuandikia mama mmoja wa Unguja ambaye binti yake anasoma chuo Arusha, chini ya Mlima Meru. Kuna kijana ameshakataliwa, lakini kila jioni humsubiri binti njiani. Binti anasema: "Pengine huyu ndiye anayenipenda kweli." Mama alipozisoma riwaya za binti, akakuta kisa ni kile kile: mwanamme hukataliwa, humganda msichana, mwishowe hukubaliwa.

Tunasema: mapenzi, hata yakiwa makali vipi, hayampi mtu haki juu ya mwenzake. Bariyrah alipotoka utumwani alichagua kutengana na mumewe Mughiyth, aliyekuwa bado mtumwa. Mughiyth akawa anamfuata katika njia za Madiynah, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamwombea arejewe. Bariyrah akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni uombezi tu. Akakataa, na hakulazimishwa. Kisa hiki kimo katika Swahiyh al-Bukhaariy.

Basi ikiwa aliyekuwa mume, tena kaombewa na Mtume, hakurejewa, itakuwaje kijana wa njiani?

Mama, usianze kwa kumlaumu binti, asije akakuficha. Msimulie kisa hiki, kisha pelekeni taarifa kwa mshauri wa wanafunzi chuoni. Mwenye nia njema hupiga hodi kwa walii, na akiambiwa hapana, huondoka.

Wa-Allaahu A'lam.