Lita Nne za Maji Mbele ya Jua

Fundi anayechomelea mageti mtaani kwetu hufanya kazi na kandambili. Grenda ikilia, cheche zinammwagikia miguuni kama mvua, naye wala hashtuki. Kila cheche ina joto la nyuzi zaidi ya elfu moja, lakini ni chembe tu, inapoa kabla haijapata la kumfanya. Mmwagie sasa kikombe cha chai kwenye vidole hivyohivyo, chai ambayo haifiki hata nyuzi 100, na kelele zake zitasikika mtaa wa pili.

Ukali wa joto ni jambo moja, wingi wake ni jambo jingine. Tofauti hiyo ndiyo iliyokiwezesha chombo kiitwacho Parker, cha shirika la anga la Marekani, NASA, kuvunja rekodi mbili kwa siku moja. Mkesha wa Krismasi mwaka 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa jua. Hakuna kitu kilichotengenezwa na binadamu kilichowahi kulikaribia jua kiasi hicho. Sisi huku duniani tuko umbali wa kilomita milioni 150, na bado mchana wa Februari tunatafuta mwembe. Anga la nje la jua, korona, lina joto la nyuzi zaidi ya milioni moja. Ila chembe zake zimetawanyika mno, na chombo kinachopita humo ni kama ule mguu wa fundi chini ya cheche. Adui hasa ni mwanga wenyewe.

Dhidi ya mwanga, wahandisi walikipa ngao yenye unene wa sentimita 11.4 na upana wa meta 2.4, uzito wake kilo 73 hivi, yaani mtu mzima mmoja. Ni mabamba mawili ya kaboni, na katikati povu la kaboni ambalo asilimia 97 yake ni uwazi mtupu. Upande unaotazama jua umepakwa rangi nyeupe, kwa sababu ileile inayomfanya mwenye nyumba apake bati lake rangi nyeupe. Uso wa ngao ulifika nyuzi 980 hivi. Nyuma yake, kivulini, vifaa vya kupimia vilikuwa kwenye nyuzi 30, joto la Mombasa la kila siku. Paneli za umeme hukunjwa zikabaki ncha tu, na ncha hizo hupozwa kwa maji yanayozunguka kwenye mirija. Maji ya kawaida yaliyosafishwa, lita nne hivi. Rejeta ya gari, basi, mbele ya jua.

Rekodi ya pili ni ya mwendo: kilomita 692,000 kwa saa. Kwa kasi hiyo, kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi sekunde nne haziishi. Wengi hudhani ni injini kubwa. Hapana, chombo kinaanguka tu, kinavutwa na jua. Kazi ngumu ilikuwa kukifanya kianguke. Dunia inalizunguka jua kwa kilomita 30 kila sekunde, na chochote tunachorusha huondoka na mwendo huo, hivyo badala ya kuangukia jua huendelea kulizunguka. Ilibidi Parker kipite karibu na sayari ya Zuhura mara saba, kati ya 2018 na Novemba 2024, na kila mara nguvu ya mvutano ya Zuhura ikakipunguzia mwendo kidogo na kukisogeza ndani. Yaani ili kiwe na kasi kuliko vyote, kwanza kilipigwa breki mara saba.

Kilipopita, hakikuweza kuongea na dunia. Siku kadhaa kimya. Usiku wa tarehe 26, kwa saa za Marekani, ikaja ishara fupi kwamba kiko salama. Mtu ambaye jina lake kimelibeba, Eugene Parker, hakuwahi kuisikia. Alifariki Machi 2022. Lakini mwaka 2018, akiwa na miaka 91, alishuhudia kikirushwa, mtu wa kwanza kuona chombo cha NASA chenye jina lake akiwa hai. Mwaka 1958 aliandika kwamba jua hupuliza upepo wa chembe usiokatika. Waliopewa makala hayo kuyapima waliyakataa. Mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, hakukubaliana naye pia, ila hakuona kosa kwenye hesabu zake, akayachapisha.

Katika orodha hii ya mabingwa wapya wa anga, kilicho mbali kuliko vyote ni Voyager 1, na hapa naomba radhi kwa kukiweka humo chombo cha 1977. Upya wake uko kwenye ukarabati. Kiko zaidi ya kilomita bilioni 25 kutoka kwetu, kinatangaza kwa redio ya wati 23 hivi, na kompyuta zake zina kumbukumbu ya kilobaiti 69, ambayo picha moja ya WhatsApp haiingii. Novemba 2023 kilianza kutuma maneno yasiyoeleweka. Wahandisi walipochunguza waligundua chipu moja imekufa, ndani yake mna kipande cha programu ambacho bila hicho data haipangiki.

Fundi wa kupanda huko hayupo. Nafasi nyingine yenye ukubwa wa kutosha nayo haikuwepo. Wakafanya kama nyumba ambayo chumba kimoja kimevuja usiku: mtoto mmoja akalale sebuleni, wawili kwa shangazi, mwingine jikoni. Programu ilikatwa vipande, kila kipande kikachomekwa palipokuwa na upenyo, na kila kimoja kikafahamishwa wenzake wamelala wapi. Amri zilitumwa 18 Aprili 2024. Zilisafiri kwa kasi ya mwanga kwa saa 22 na nusu, na jibu likachukua muda uleule kurudi. Tarehe 20 chombo kikaanza kusema maneno ya maana. Hesabu zinaonyesha kwamba Novemba 2026 kinafika mahali ambapo mwanga hutumia siku nzima kukifikia: ukikisalimu Jumatatu asubuhi, unaitikiwa Jumatano.

Kasi ya mawasiliano kutoka anga la mbali nayo ina bingwa wake. Tarehe 11 Desemba 2023 chombo cha Psyche, kikiwa umbali wa kilomita milioni 31, kilituma video ya paka aitwaye Taters akikimbiza nukta nyekundu. Kilitumia leza badala ya redio, megabiti 267 kwa sekunde, na picha zilichukua sekunde 101 kufika kwenye darubini ya Palomar, California. Mawimbi ya leza ni mafupi sana kuliko ya redio, hivyo hubeba mengi zaidi kwa wakati mmoja, na mwale wake hautawanyiki ovyo. Taabu ni shabaha: unalenga mwale mwembamba kwenye kitu kinachokimbia. Intaneti ya nyumbani kwangu haijawahi kuonja hata nusu ya kasi hiyo, na ofisi ya mtoa huduma naiona kutoka dirishani.

Darubini yenye kioo kikubwa kuliko zote zilizowahi kupelekwa angani ni James Webb. Kioo chake kina upana wa meta 6.5, vipande 18 vya madini ya berili vilivyopakwa dhahabu nyembamba mno. Ukiikusanya dhahabu yote ni gramu 48 hivi. Bi harusi wa mwambao huvaa zaidi ya hiyo. Dhahabu iliteuliwa kwa kuwa hurudisha vizuri mwanga wa infraredi, ule ambao jicho halioni ila ngozi huuhisi kama joto. Webb inautafuta mwanga huo kwa sababu anga lenyewe linatanuka, na mwanga uliosafiri humo tangu zama za kale umenyoshwa. Ule uliotoka kwenye galaksi za mbali kabisa umenyoshwa mara 15 kabla ya kutufikia.

Sasa, chochote chenye joto hutoa infraredi, darubini yenyewe ikiwemo. Kuangalia galaksi hizo kwa darubini yenye joto ni kutafuta kimulimuli huku umeshika karabai. Ndiyo maana Webb ina kivuli cha tabaka tano, kila moja nyembamba kama unywele, kikitandazwa kinalingana na uwanja wa tenisi. Upande wa jua ni zaidi ya nyuzi 80. Upande wa pili, nyuzi 230 chini ya sifuri. Kivuli hicho kilikunjwa kama khanga kikawekwa kichwani mwa roketi ya Ariane 5, kikarushwa kutoka kituo cha roketi cha Kourou Krismasi ya 2021, na kikakunjuliwa njiani kwa kamba na vifungo ambavyo kimoja kikigoma ilikuwa basi, kwa maana darubini iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Hakuna kilichogoma. Mei 2024 ilitangazwa galaksi tunayoiona ilivyokuwa miaka milioni 290 baada ya ulimwengu kuanza. Mwaka uliofuata ikapitwa na nyingine, MoM-z14, ya miaka milioni 280. Rekodi hii sidhani kama itadumu.

Nikiulizwa ninayempenda zaidi katika orodha hii, nitamtaja Ingenuity, helikopta ya kwanza kuruka kwenye sayari nyingine. Uzito wake ulikuwa kilo 1.8, haifiki pakiti ya unga. Hewa ya Mirihi ni kama asilimia moja ya yetu, hivyo mapanga yake ilibidi yazunguke mara 2,400 kwa dakika na zaidi ili yapate cha kushika, ingawa mvutano mdogo wa sayari ile ulisaidia. Ubongo wake ulikuwa chipu ya simu za mkononi za 2014 hivi, kwa sababu zile chipu ghali zilizozoeshwa mionzi ya angani zilikuwa na mwendo wa konokono. Ilipangiwa safari 5. Ya kwanza ilikuwa 19 Aprili 2021. Ya mwisho, 18 Januari 2024, ilikuwa ya 72. Ilijiongoza kwa kupiga picha za ardhi na kufuatisha mawe yaliyopita chini yake. Siku hiyo ya mwisho ilikuwa juu ya mchanga mtupu, mawimbi ya mchanga yanayofanana, hakuna jiwe la kukumbuka. Ikashuka vibaya, panga likavunjika.

Sifa za ukubwa hunichosha haraka, lakini roketi ya Starship huwezi kuikwepa. Ina urefu wa zaidi ya meta 120, injini 33 chini, na nguvu ya kusukuma karibu mara mbili ya roketi iliyowapeleka watu mwezini. Imelipuka mara kadhaa pia. Kilichonivutia ni 13 Oktoba 2024, sehemu yake ya chini, yenye kimo cha meta 71, iliporudi Texas dakika saba baada ya kuondoka na kudakwa hewani na mikono miwili ya mnara. Miguu ya kutulia ni uzito, na kila kilo ya miguu ni kilo ya mzigo iliyobaki chini. Basi wahandisi wakaing'oa miguu, wakauachia mnara kazi hiyo.

India walikwenda kinyume kabisa. Chandrayaan-3, kilichotua 23 Agosti 2023, ndicho chombo cha kwanza kutua salama karibu na ncha ya kusini ya mwezi, na mradi wote uligharimu dola milioni 75 hivi. Badala ya roketi kubwa ya kukifikisha kwa siku nne, walitumia ndogo kidogo na subira ya siku 40. Kila mara chombo kilipopita karibu na dunia, kiliwashwa injini kwa muda mfupi, nao mzunguko wake ukarefuka, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kidogo kidogo kwa wakati wake mpaka miguu inagusa majani ya mti.

Siku sita baada ya Parker kulipita jua, 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha meta 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Ilipaswa iungue angani au ianguke baharini.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza Kenya kuhusika na roketi. Pwani, karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco juu ya maji, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, ambapo dunia inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa na roketi inayoelekea mashariki hupewa mwendo huo bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliondoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo NASA, akaiita Uhuru. Jukwaa lilirusha setilaiti ya mwisho mwaka 1988. Kenya ilipopata Taifa-1 yake, Aprili 2023, ilipandishwa California kwenye roketi ya Falcon 9 pamoja na abiria wengine hamsini hivi, kila mmoja kalipia kiti chake. Ilikuwa inakwenda kwenye njia ya kupitia ncha za dunia, na kwa njia hiyo zawadi ya ikweta haifai kitu.

Orodha ya nne ya vyanzo vya eksirei vilivyopatikana na Uhuru ina 339, na wanaastronomia huviita hadi leo kwa namba inayoanza na 4U. Hiyo U ni Uhuru. Oktoba 2024 watafiti wanaotumia kifaa cha NICER, kilichofungwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga, walitangaza kwamba nyota ya nyutroni iliyomo katika 4U 1820-30 huenda inajizungusha mara 716 kila sekunde. Ikithibitika, itakuwa miongoni mwa nyota zinazozunguka kwa kasi kuliko zote tunazozijua.