Unabadili godoro la kitanda cha kukunja ndani ya gari? Anza na mizani

Kwa wanaosafiri au kuishi kwenye motohomu, yaani gari lenye kitanda, jiko na hata choo ndani, ishu kubwa ni nafasi. Ndiyo maana baadhi ya magari haya Ulaya na Marekani yana kitanda kinachokunjwa ukutani mchana na kushushwa usiku.

Wazo si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Lawrence Murphy wa San Francisco alianza kutengeneza vitanda vya kukunja ukutani, na hadi leo Wamarekani huviita kwa jina lake.

Shida ni kwamba godoro linalokuja na gari mara nyingi ni jembamba. Wengi huamua kulibadili wenyewe bila fundi: toa la zamani, weka nene, basi. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Shokapu hubeba zaidi ya unavyodhani

Kitanda cha aina hii mara nyingi husaidiwa na shokapu mbili za gesi, kama zile zinazoinua mlango wa buti. Ukiona buti limeegemezwa fimbo, ujue shokapu zake zimechoka.

Nguvu ya shokapu hupimwa kwa nyutoni (N) na mara nyingi huandikwa ubavuni mwake. Kilo 1 ni karibu nyutoni 10.

Chukua mfano wa kitanda chenye upana wa sentimita 120 na bawaba upande wa ukutani. Uzito wake unakaa katikati, sentimita 60 kutoka kwenye bawaba. Kama shokapu zinasukuma zikiwa sentimita 15 tu kutoka kwenye bawaba hiyo, zinahitaji nguvu mara nne ya uzito wa kitanda.

Kitanda cha kilo 24 kitahitaji karibu N 960. Shokapu mbili za N 500 zinatosha. Ongeza godoro lenye kilo 6 zaidi, sasa unahitaji N 1,200. Shokapu zilezile haziwezi tena, na kitanda kinaweza kushuka ghafla juu ya mkono wa mtu au kichwa cha mtoto.

Kuweka shokapu kali kupita kiasi nako ni tatizo. Kitanda kitaruka juu chenyewe na kung'oa skrubu.

Fanya hivi

1. Pima uzito wa kitanda na godoro jipya kabla ya kununua shokapu.
2. Badilisha shokapu zote mbili kwa pamoja. Ndani yake kuna gesi yenye mgandamizo mkubwa, kwa hiyo usizitoboe, usizichomelee wala kuzitupa kwenye moto.
3. Usifunge skrubu kwenye ukuta mtupu. Kuta za motohomu nyingi ni plaiwudi nyembamba na foamu katikati. Tafuta fremu, au tumia bamba la chuma kusambaza mzigo.
4. Weka chaga badala ya plaiwudi isiyo na matundu. Joto na jasho la mlalaji hukutana na ubao wa baridi, unyevu unabaki chini ya godoro, na ukungu unaota.
5. Ongeza komeo na mkanda wa pili wa kushikilia kitanda kikiwa juu. Kimoja kikikatika, kingine kinabaki.

Usisahau gari lenyewe

Motohomu nyingi za Ulaya zimesajiliwa kwa uzito usiozidi kilo 3,500, kiwango kilichozoeleka kwa leseni ya daraja B. Maji, gesi, abiria na mizigo vyote vinahesabiwa humo. Chuma na mbao unazoongeza zinakula nafasi hiyohiyo.

Ukimaliza, kishushe na kukipandisha kitanda mara kadhaa kikiwa kitupu, kisha endesha gari polepole kwenye barabara mbovu. Kama komeo limelegea au skrubu imesogea, usiku huo asilale mtu chini yake.