Chunguza Mti Mzee Kabla ya Kufyeka

Wakulima wa skimu mnaopakana na msitu wa Nyandarua, wengi wenu hupewa sehemu ndani ya msitu wa Serikali kulima viazi na kabichi kati ya miche ya saipresi. Kazi hii ni njema, kwani nyinyi hupata chakula na miche hupaliliwa. Lakini siku ya kufyeka, wengine huona mti mzee ni kuni tu. Hapo ndipo hasara huanza.

Saipresi hukatwa ikifika umri wa miaka 30 hivi. Mti wa umri huo bado haujapata tundu kubwa. Hondohondo naye hawezi kutoboa mti mzima. Lazima apate tundu katika mti mzee. Jike huingia humo kutaga, mlango huzibwa kwa udongo, na dume humlisha kupitia ufa mwembamba. Ukiangusha mti huo, mama na makinda hawana pa kutokea.

Basi, kabla ya kushika panga, zunguka sehemu yako asubuhi na mapema, utazame mambo manne:

1. Mti wenye tundu, hata ukiwa mkavu. Ukiona kinyesi na mbegu za matunda chini yake, fahamu kuwa mna mwenyewe. Nyuki hukaa humo, na bundi pia. Msimwogope bundi, yeye hula panya wanaomaliza mahindi yenu.

2. Mugumo. Ndege na nyani hula matunda yake, kisha hutawanya mbegu msituni.

3. Ukingo wa mto na chemchemi. Usilime mpaka majini. Pongo hujificha katika kichaka hicho, na mizizi yake huzuia udongo usiingie katika maji mnayokunywa.

4. Miti ya asili iliyogusana matawi. Hiyo ndiyo barabara ya mbega, ambaye hukaa juu na hushuka chini kwa nadra. Ukikata katikati, umemfungia njia.

Ukiona kimojawapo, usikiguse. Mwite Bwana Misitu akione na kukitia alama, kisha uwaarifu wenzako katika chama cha msitu. Kumbuka pia kwamba kukata mti wa asili humo bila kibali ni kosa.

Huenda ukapoteza mistari miwili mitatu ya viazi. Viazi utapanda tena msimu ujao, lakini mti wenye tundu hata mjukuu wako huenda asiuone.