Anayesoma picha yako ya eksirei naye huchoka: msongo wa kazi usiouona

Kijana wa bodaboda anateleza Miteja, wilayani Kilwa, kwenye barabara ya Dar es Salaam–Lindi. Mguu umevimba, hawezi kukanyaga. Wasamaria wanampakia kwenye gari hadi Kilwa Kivinje, kwenye hospitali ya wilaya ya Kinyonga. Tuchukulie anapigwa picha, kisha anaambiwa asubiri.

Kwenye benchi za hospitali yoyote maneno ni yale yale: "Hawa watu wa eksirei wanajivuta sana."

Mara nyingi si kujivuta. Nyuma ya ule mlango wenye alama ya mionzi kuna kazi inayochosha akili kuliko inavyoonekana, na uchovu wake unaweza kumfikia mgonjwa.

Ni watu wawili, si mmoja

Wengi humwita kila aliyemo chumba kile "daktari wa eksirei". Kumbe kazi ni mbili.

Mtaalamu wa mionzi ndiye anayekuweka sawa, kupanga mashine na kupiga picha. Daktari bingwa wa radiolojia ndiye anayeisoma picha na kuandika ripoti.

Mabingwa hawa ni wachache nchini, na wengi wako miji mikubwa, hasa Dar es Salaam. Kwenye hospitali nyingi za wilaya, picha husomwa na daktari aliyeiagiza. Ile ngumu ndiyo hutafutiwa bingwa, hata kama yuko mbali.

Mashine hununuliwa, bingwa hupikwa

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Sh1.3 trilioni wa kukabiliana na UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za CT-scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa mtu wa Kusini ni nafuu kubwa, maana safari ya Dar kwa ajili ya kipimo si mchezo.

Lakini eksirei ya mguu ni picha mbili tatu. CT-scan moja huweza kutoa mamia ya picha, na kila moja inataka jicho.

Sasa piga hesabu ya bingwa: udaktari miaka 5, mazoezi kazini mwaka 1, ubingwa miaka 3. Jumla miaka 9, bila kuhesabu muda wa kusubiri ajira au ufadhili. Mashine inafika kwa lori, msomaji wake hafiki hivyo. Mzigo unabaki kwa wale wale waliopo.

Msongo unatoka wapi?

• Foleni isiyoisha. Akimaliza picha hii, nyingine inasubiri, na ya dharura inaruka mstari.

• Kukatizwa. Simu inalia, mlango unagongwa, halafu anarudi kwenye picha na kuanza upya.

• Hofu ya kukosea. Picha haifutiki. Ufa mdogo ulioukosa leo, mwenzako atauona mwezi ujao.

• Upweke. Huandika ripoti ya mtu asiyemwona, na mara nyingi hajui kama alipona.

Na mionzi je? Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Wafanyakazi huvaa kifaa kidogo kifuani cha kupima dozi, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia usalama huo. Ukuta na vifaa vikiwa sawa, anayesimama nyuma ya kinga hupata dozi ndogo sana. Kinachomla zaidi ni mzigo wa kazi.

Mgonjwa anaathirika vipi?

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwapima madaktari 40 wa radiolojia, mabingwa na wanafunzi wao, kabla na baada ya siku ya kazi. Walipewa picha za mifupa watafute iliyovunjika. Jioni usahihi wao ulishuka kidogo, na macho yao hayakulenga vizuri kama asubuhi.

Kidogo hicho kinaweza kuwa mguu wako.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi uliokithiri kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona huna tija. Likasema unatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Kwa hiyo kumwambia mtu "vumilia tu" si dawa.

Kinachowapa moyo

Mshahara una nafasi yake, lakini hautoshi peke yake. Mwaka 2008 madaktari wa Jerusalem walijaribu jambo rahisi: waliambatanisha sura ya mgonjwa kwenye CT-scan yake. Wasomaji walisema walimjali zaidi mgonjwa, na ripoti zao zilikuwa na maelezo mengi zaidi. Kumbe kumjua unayemhudumia ni sehemu ya kuridhika na kazi.

Hilo halihitaji bajeti kubwa. Daktari anayeagiza picha anaweza kuacha kuandika "maumivu ya mguu" na kuandika "kaanguka na pikipiki jana, hakanyagi, anaumia juu ya kifundo". Mgonjwa akipona, anaweza kumpigia msomaji simu: "Ulichokiona ndicho tulichokikuta." Uongozi unaweza kupanga zamu zenye mapumziko na saa za kusoma bila kukatizwa.

Na wewe mgonjwa una kazi yako. Njoo na picha za zamani. Eleza ulivyoumia bila kuficha. Mama mwenye mimba, au anayehisi anayo, aseme kabla ya kupigwa picha.

Yule kijana wa Miteja anataka kujua jambo moja tu: mguu umevunjika au haukuvunjika? Jibu sahihi linahitaji mashine nzima, na mtu mwenye nguvu ya kuitazama picha mara ya pili.