Mwani wa Zanzibar umefika Mokambo

Hapa kwetu Mokambo bahari iko mbali sana. Vitu vya bahari tunaviona kisha vimepita Dar es Salaam, Tunduma, Zambia yote, Mufulira, ndipo vinafika mbele ya baryeri yetu: chumvi, samaki ya kopo, basi. Lakini siku zilizopita shofele mumoja Mutanzania, aliyekuwa amelala siku tatu kwenye mulolongo wa makamyo, alifungua sakoshi na kunionyesha kitu kikavu, cha rangi ya zambarau, kimeshikwa na chumvi nyeupe, kama vipande vya kamba ya zamani.

Nikamuuliza: “Ni dawa ya nini hii?”

Akacheka. “Si dawa, kaka. Huu mwani. Mama yangu anaulima Jambiani.”

Mutu analima ndani ya bahari? Njo nikaikala chini.

Mwani ni jina la majani ya bahari. Huu unaolimwa Zanzibar ni wa jamaa ya mwani mwekundu, hata kama mwingine ukiwa majini unaonekana kijani ao kahawia. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 upande wa Paje na Jambiani, na mbegu ilitoka Ufilipino. Maji yakirudi nyuma, wamama wanaingia na vigingi na kamba, wanafunga vipande vidogo kwa vikamba wanavyoita taitai, halafu wanaiachia bahari kazi. Kisha wiki sita hivi wanavuna na kuanika juani. Kilo moja kavu inaomba kilo saba ao zaidi za mwani mubichi, na ule mubichi, muzito wa maji, njo wanaubeba juu ya kichwa. Wakulima wanapita 20,000. Kati ya kumi, karibu nane ni wanawake.

Kuko aina mbili kubwa: kotonii na spinosamu. Kotonii inalipwa zaidi, lakini maji yakipata moto inageuka nyeupe, inakatika, inakufa. Miaka hii bahari inapata moto, kwa hiyo wengi wamebakia na spinosamu. Kwa miaka mingi kilo moja kavu ya spinosamu haikufika hata nusu dola.

Na kwa muda murefu wenye kulima hawakuwa wanakula. Mwani uliingia ndani ya magunia, ukaenda Denmark, Ufaransa, Marekani, China. Viwanda vya kule vinatoa ndani yake unga unaoitwa karajinani, wa kufanya chakula kiwe kizito na kishikane. Shofele aliniambia: “Nenda nyumbani, geuza boksi la maziwa ya watoto, usome.” Nilikwenda. Maziwa ya chokoleti, herufi ndogo ndogo za Kifaransa, na katikati: E407. Njo huo mwani. Mukiona E407a, ni unga wake usiosafishwa sana. Angalieni pia krimu, dawa ya meno, nyama ya kopo.

Sisi watu wa sendika hatuna lazima ya mwalimu wa kutueleza habari hiyo. Hapa jiwe linatoka likiwa jiwe, linarudi likiwa telefone, na bei anaiweka mwingine. Tofauti ni moja: kobalti haipikwe. Mwani unapikwa.

Bibi yangu aliutazama kwa jicho baya. Aliusafisha mara tatu kwa kutosha muchanga na chumvi, akauacha ndani ya maji usiku muzima. Asubuhi beseni ilikuwa imejaa! Nusu moja aliikata ndogo ndogo, akachanganya na tomati, kitunguu, ndimu na pilipili. Tulikula pamoja na bukari na ndakala. Mwani wenyewe hauna ladha kubwa, unalia tu chini ya meno, na harufu ya bahari inabakia kidogo. Nusu ingine aliitia ndani ya sufuria, maji, moto mudogo wa makala, akakoroga mpaka ikayeyuka, akaongeza maziwa ya unga, sukari na tangawizi. Ilipopoa ikashikana, laini.

Mama mukwe wangu akaonja, akasema: “Iyi njo ndugu ya kikanda.”

Hakukosea. Kikanda chetu, mizizi ya maua ya porini iliyotwangwa na karanga na kupikwa na soda, kinashikana kwa njia inayofanana: mumea unashika maji na kuyakataza kukimbia. Lakini kikanda kinachimbwa porini, na kinaisha. Kule Kitulo, Tanzania, palipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, mizizi hiyo ilikuwa inachimbwa na kupelekwa Zambia kwa magunia. Mwani, wewe unapanda mwingine.

Siku hizi hata Zanzibar wamama wanausaga unga na kuutia ndani ya juisi, keki, biskuti, jemu na uji. Wairlandi toka zamani wanachemsha mwani mwekundu wao katika maziwa. Wajapani wanakausha wao ukawa kama karatasi, nori, wa kufungia wali.

Juu ya afya, nitasema wazi, maana kuna wanaouza unga wa mwani kama dawa ya kila ugonjwa. Nori kavu iko na protini nyingi, gramu 30 na zaidi katika 100, lakini karatasi moja ina gramu tatu tu. Hesabu mwenyewe. Mwani wa Zanzibar una protini kidogo kuliko nori. Sehemu yake kubwa ni nyuzinyuzi, zinazosaidia tumbo kufanya kazi, pamoja na kalisi, manyezi, potasi na iodi. Hautashibisha mutu anayeshuka ndani ya shimo saa kumi na mbili. Bukari na sombe zibakie pale pale. Iodi inakinga uvimbe wa shingo, na mutu muzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mama mwenye mimba 250. Lakini kiasi chake katika mwani kinabadilika sana, na iodi ikipita kipimo nayo inaumiza. Chumvi yenye iodi musiiache. Mwenye tansyo asafishe mwani sana kabla ya kula.

Tena jambo moja ambalo sisi wa Katanga tunalielewa kuliko wengine: mwani unakunywa kila kitu kilicho ndani ya maji, hata sumu za madini. Ulizeni ulilimwa wapi.

Shofele amekwisha kuvuka. Bibi yangu alimwagiza kilo mbili, na mimi nikamwambia bei aiulize kwa mama yake, si kwa wenye kununua. Juma lililopita alipiga telefone. Mama anaomba siku mbili za kufikiri, maana toka aanze kulima hakuna mununuzi aliyemuuliza.