Shule ya Sekondari katika Mji wa Dhahabu

Msomaji wa Mombasa au Unguja, aliyezoea kuiona shule ya serikali ikipepewa na upepo wa bahari, akifika Salamabila, kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hataona ufuo. Ataona vilima vya Namoya, ambako dhahabu imechimbwa na makampuni na pia na watu wenye sururu na karai, miongoni mwao wavulana ambao kwa umri wao ilistahiki wawe darasani.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 43, imeifanya elimu ya msingi kuwa faradhi na bure, na tangu mwaka 2019 serikali imejitahidi kuitimiza ahadi hiyo. Lakini sekondari, ambayo ni miaka sita yenye kukomea kwenye mtihani wa Dola, haikuingia katika neema hiyo, na hapo ndipo mzazi fukara huzidiwa. Mwanafunzi aliyetoka alfajiri na shati lake jeupe na suruali ya buluu, akirudishwa kwa sababu ya ada, huliendea shimo, maana shimo halimdai stakabadhi.

Kumlaumu kijana huyo, kwa rai yangu, ni dhuluma. Wanaonufaika na dhahabu hiyo na waanze kwa kuwalipia ada wanafunzi wa mwaka wa sita.