Makato Madogo Yanayomaliza Salio: Namna ya Kujiondoa Katika Huduma Tusizotumia

Katika vikundi vya kuweka na kukopa tunavyovitembelea Kilosa mjini, Mikumi na vijiji vya jirani, lipo lalamiko linalosikika karibu kila kikao: mtu ameweka vocha ya shilingi elfu moja jioni, asubuhi haipo, na hajampigia mtu yeyote. Wengi hudhani mtandao umewaibia, au mtoto amechezea simu. Wakati mwingine ni kweli mtoto amechezea simu. Lakini mara nyingi mwenye simu amejiunga, kwa kujua au bila kujua, na huduma inayokata salio kila siku, na hana haja nayo.

Ndugu msomaji, kabla ya kulaumu ni vema kutofautisha mambo matatu. La kwanza ni deni la salio. Ukikopa muda wa maongezi, mtandao hukata deni lake mara tu unapoongeza salio, na hukata pamoja na ada. La pili ni intaneti. Simu ya kisasa iliyoachwa na intaneti wazi bila kifurushi hutafuna salio la kawaida hata ikiwa mfukoni. La tatu, ambalo ndilo hasa tunalolizungumzia hapa, ni huduma za kujiunga: miito ya nyimbo anayoisikia anayekupigia, habari za mpira, nyota, vichekesho, dondoo za mapenzi, maswali ya kushindania zawadi.

Huduma hizi kwa kawaida haziendeshwi na mtandao wa simu wenyewe. Ziko kampuni za maudhui zinazopewa namba fupi, huandaa ujumbe, na mapato hugawanywa kati yao na mtandao. Mteja hujiunga kwa kujibu ujumbe, kwa kubonyeza namba katika menyu, au kwa kugusa neno "Kubali" lililojitokeza ghafla kwenye kioo cha simu. Hapo ndipo wengi hunaswa. Mama anafungua simu amjibu mwanawe, maandishi yanaruka mbele yake, anabonyeza ili yaondoke, kumbe amejiunga. Kuingia ni kidole kimoja, ila kutoka kunadai usome maelekezo, ukumbuke neno fulani na namba fulani. Kwa maoni yetu huo si uzembe wa wanavikundi. Mpangilio wenyewe unamfaidi muuzaji.

Siku ambayo huna salio, huduma nyingi hazifi. Husubiri, na ukiweka vocha hujaribu kukata tena. Ndiyo maana watu husema pesa imepotea "palepale".

Tuchukue mfano wa huduma inayokata shilingi 100 kwa siku. Kwa mwezi ni shilingi 3,000, na kwa mwaka ni 36,500. Katika kikundi ambacho hisa ni shilingi 2,000, hizo ni hisa 18, na chenji ya shilingi 500 inabaki. Ukiwa na huduma mbili, fanya mara mbili. Tunafahamu jinsi hisa zinavyopungua kati ya Januari na Machi, ghala likiwa limekwisha na mahindi yakiwa bado shambani. Kuna wanachama wanaoikosa hisa moja ya wiki huku simu yao ikilipia nyimbo.

Namna ya kujiondoa ni hii. Usifute ujumbe unaotoka kwenye namba fupi. Usome hadi mwisho, kwani mara nyingi neno la kujiondoa huandikwa pale chini, kwa mfano ONDOA au STOP, na hutumwa kwenye namba ileile. Ujumbe ukiwa umeshafutwa, piga 100 kwa huduma kwa wateja wa mtandao wako, uulize: "Nimeunganishwa na huduma zipi zinazokata salio?" Omba ziondolewe zote usizozitaka, kisha subiri ujumbe wa kuthibitisha. Baada ya hapo weka vocha ndogo, usiitumie siku mbili, uone kama imebaki. Mwenye laini mbili afanye hivyo kwa zote mbili. Wazee wasiosoma maandishi madogo wasaidiwe na mtu wa nyumbani wanayemwamini, na asiwepo wa kuwaomba namba ya siri, kwa kuwa kujiondoa hakuhitaji namba ya siri kamwe. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuutuma kwenda 15040, namba iliyotengwa na TCRA kwa kazi hiyo.

Hatusemi kila huduma ifutwe. Mkulima anayepokea taarifa za mvua au bei ya ufuta na kuzitumia, hiyo ni gharama ya kazi.

King'amuzi kina tabia tofauti. Usipolipa hukatika chenyewe, kwa hiyo hasara yake hutokea tunapolipia mwezi ambao hatupo. Masika yanapoanza, familia nyingi huhamia shamba kwa wiki kadhaa, na mwezi uliolipiwa huendelea kuhesabiwa nyumba ikiwa imefungwa. Lipia ukirudi. Angalia pia kama unahitaji kifurushi kikubwa, au ulikichukua kwa ajili ya ligi ambayo imekwisha.

Akaunti za benki zisisahaulike. Akaunti nyingi hukatwa ada ya uendeshaji kila mwezi, hata kama hakuna anayeweka wala kutoa. Kikundi kilichofungua akaunti kwa ajili ya mradi uliokwisha kiende na muhtasari wa kikao na watia saini wake, kiifunge na kuchukua kilichobaki. Kabla ya kufungua nyingine, kiulize orodha ya ada.

Wapo walioulizia makato ya LUKU. Hiyo ni kodi ya jengo, iliyoanza kukatwa kwenye umeme Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kupanda hadi 1,500 kuanzia Julai 2023 kwa nyumba ya kawaida. Haifutwi. Lakini nyumba moja yenye mita mbili huweza kukatwa mara mbili, na hilo hurekebishwa. Anzia ofisi ya TANESCO ukiwa na namba za mita zote mbili.

Mtu akijiondoa na makato yakaendelea, hatua ya kwanza ni kulalamika kwa mtandao wenyewe na kuchukua namba ya lalamiko. Asiporidhika aende TCRA, ambayo ina mamlaka juu ya mitandao na watoa maudhui kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Lalamiko bila ushahidi huchelewa, kwa hiyo tunza ujumbe wa makato na ule wa kujiondoa, na andika kwenye daftari tarehe, kiasi kilichokatwa na namba fupi iliyokata. Makatibu wa vikundi wanaweza kuwaandikia wale wasio na daftari.